Kidatu Sahihi ni Kipi? Mtambo wa Kurekebisha Sauti na Suala la Uhalisi

Makala haya yametokana na kazi ya mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili. Katika kutimiza masharti ya somo la ushairi simulizi, mwanafunzi huyo alituletea rekodi ya nyanya yake, mzaliwa wa Lamu, akighani beti 30 za mwanzo za Utendi wa Mwana Kupona, pamoja na uchanganuzi wa mahadhi aliyoyatumia. Kazi ilikuwa nadhifu, na hoja yake kuu ilikuwa ya kuvutia. Mwanafunzi alionyesha kwamba kuanzia ubeti wa 12 mahadhi yanaanza kugeuka, yanapita katika hali ya mpito kwa beti nne au tano, kisha kuanzia ubeti wa 17 yanatulia upya yakiwa juu zaidi ya yalipoanzia. Badiliko hilo alilihusisha na maudhui ya beti zenyewe, na alilieleza kwa ufasaha.

Tatizo lilikuwa rekodi yenyewe. Ilikuwa tamu kupita kiasi. Kila irabu ilisimama wima kama mlingoti. Hapakuwa na sauti iliyopanda kwa kusitasita wala iliyoshuka kwa kuteleza, ilhali mghani ni mwanamke aliyetimiza umri wa miaka 80. Tulipomhoji, mwanafunzi alijibu bila kuficha kwamba fundi wa studio alikuwa amemfanyia hisani. Alikuwa ameipitisha sauti ya mzee katika mtambo wa kurekebisha vidatu, ili isiwe na makosa.

Neno hilo, makosa, ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Wahakiki wa ushairi wa Kiswahili wamebishana kwa muda mrefu kuhusu vina na mizani, hasa baada ya E. Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, na hatuna haja ya kuufufua mjadala huo hapa. Lakini mjadala wenyewe ulihusu maandishi. Kuhusu sauti inayolibeba shairi linapoghaniwa au kuimbwa tumekuwa wakimya, kana kwamba sauti ni jambo la wanamuziki tu. Matokeo yake ni kwamba mtambo umeingia kati ya mghani na mhakiki, na mhakiki hana hata istilahi za kuuulizia. Wengi wanaoujadili mtambo huu huuliza kama unadanganya. Swali hilo halifiki mbali, kwa sababu hakuna rekodi isiyopunguza wala isiyogeuza kitu. La kuuliza ni hili: sauti inaposemwa kuwa imekosea, imekosea kwa kipimo cha nani?

Mtambo na ngazi yake

Mtambo unaotajwa zaidi ni Auto-Tune, uliotolewa mwaka 1997 na kampuni ya Antares ya Marekani. Mbunifu wake, Andy Hildebrand, ni mhandisi ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi katika shughuli za kutafuta mafuta. Katika kazi hiyo mtikisiko hufanywa juu ya ardhi, mwangwi unaorudi kutoka chini hupimwa, na kutokana na mwangwi huo hukisiwa mpangilio wa matabaka ya miamba. Hesabu za kulinganisha wimbi na nafsi yake, ambazo alikuwa amezizoea huko, ndizo alizozihamishia kwenye koo la mwimbaji. Wimbi la sauti hunakiliwa, nakala husogezwa kidogo kidogo, na pale inapoangukia sawasawa juu ya asili yake hujulikana kwamba mzunguko mmoja wa mtetemo umekamilika. Mizunguko hiyo ikiwa 440 kwa sekunde, tumepata kile kidatu ambacho wapiga ala wa Ulaya hukitumia kulinganishia ala zao.

Hadi hapo mtambo haujamhukumu mtu, umepima tu. Hukumu huanza katika hatua ya pili. Mtambo una ngazi, na kidatu chochote kinachoangukia baina ya vipandio viwili huvutwa hadi kwenye kipandio kilicho karibu zaidi. Ngazi inayofunguka mtu asipochagua nyingine ni ile ya piano, ambayo oktava yake imegawanywa vipandio 12 vilivyo sawa. Kwa ajili ya vipimo, kila kipandio hugawanywa tena sehemu 100. Sauti ikiwa sehemu 30 juu ya kipandio, hushushwa sehemu 30. Ikiwa sehemu 60 juu yake, hupandishwa sehemu 40 hadi kipandio kinachofuata. Kasi ya mvuto huo huamuliwa na fundi. Akiiweka ya polepole, mwimbaji hupewa nafasi ya kuteleza kidogo kabla ya kushikwa, na msikilizaji wa kawaida hatambui kitu. Akiiweka sifuri, sauti hurushwa kutoka kipandio hadi kipandio pasipo njia ya kati, na ndipo usikikapo ule mlio wa kibati ambao siku hizi unajulikana ulimwengu mzima.

Ni haki kusema kwamba mtambo una ngazi nyingine pia. Katika orodha yake zimo ngazi za Kigiriki cha kale, za Kijava, za Kiarabu, na hata ile inayogawa oktava vipandio 24. Mtu asemaye kwamba mtambo haujui muziki usio wa Ulaya hajaifungua orodha hiyo. Lakini kuwamo katika orodha si kutumiwa. Fundi mwenye wateja watatu wanaongoja barazani hataitafuta ngazi ya Kiarabu kwa ajili ya bibi wa Lamu. Atatumia ile iliyo mlangoni. Na hata akiitafuta, bado atakuwa amechagua ngazi fulani iliyokwisha kupimwa na mtu fulani, na sauti ya bibi italazimika kukanyaga humo.

Hapa inafaa tujikumbushe jambo moja kuhusu istilahi zetu wenyewe. Neno kidatu, tulitumialo katika isimu, lina undugu wa karibu na kidato, yaani mahali pa kukanyagia katika ngazi. Kwa hiyo hata kabla ya mtambo kutufikia, sisi wanalugha tulikuwa tumekwisha kuiwazia sauti kama kitu kinachosimama juu ya vipandio. Lugha ingaliweza kutupa taswira nyingine, kwa mfano ya mteremko wa mchanga, au ya maji kujaa na kupwa, ambayo hayana kipandio hata kimoja.

Mwaka 1928

Ashikiliaye kwamba uhalisi ulikuwapo zamani, ukaja kuharibiwa na tarakilishi, na amsikilize Siti binti Saad. Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo zao kwenye sahani za santuri. Habari za maisha yake tunazo katika wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert, na sahani hizo ni miongoni mwa hazina kongwe kabisa za sauti ya Kiswahili tulizo nazo. Lakini upande mmoja wa sahani ya wakati huo ulibeba muda wa dakika tatu hivi. Wimbo ambao barazani ungerefushwa kwa kadiri ya uchangamfu wa wasikilizaji ulibidi uingie katika dakika hizo, au ukatwe nusu na kugeuziwa upande wa pili. Milio ya juu sana na ya chini sana haikushikwa. Aidha, sahani zilikusudiwa kuzunguka mara 78 kwa dakika, lakini mashine za kurekodia na za kuchezea hazikuwa na mwendo mmoja usiobadilika. Sahani ikizungushwa kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 6 tu, wimbo wote hupanda takriban kipandio kizima, na mwimbaji husikika kijana zaidi na mwenye haraka zaidi. Asemaye leo kwamba ameisikia sauti halisi ya Siti ameisikia kama ilivyoruhusiwa na nta, sindano na mota.

Je, basi mtambo wa 1997 umeongeza nini juu ya hayo? Umeongeza jambo moja kubwa, nalo hupuuzwa katika mabishano mengi. Kosa la kasi ya sahani huhamisha ngazi nzima. Siti atapanda au atashuka, lakini umbali kati ya kidatu na kidatu katika wimbo wake hubaki kama alivyouweka mwenyewe, na mtafiti mwenye subira aweza kuupima leo. Mtambo wa kurekebisha hufanya kinyume chake. Huiacha sauti mahali pake kwa jumla, lakini huvunja uhusiano wa ndani, umbali mmoja baada ya mwingine, na ukishauvunja haurejesheki kutoka katika rekodi iliyobaki. Sahani ya Siti ni dirisha lenye ukungu. Rekodi ya mwanafunzi wetu ilikuwa safi, ila tulichokiona ndani yake hakikuwa nje.

Mwaka huo huo wa 1928, ulifanyika Mombasa mkutano uliokubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi yake. Mambo haya mawili yalitukia bila kujuana. Mwimbaji wa Unguja anaweka sauti yake kwenye sahani, na lahaja ya Unguja inawekwa katika vitabu vya shule. Lahaja za Kimvita na Kiamu, zilizokuwa zimebeba ushairi kwa karne kadhaa, zikabaki nje ya ngazi. Mtoto wa Lamu akiandika nti mahali pa nchi, au ndoo mahali pa njoo, hakuwa amekosea kwa masikio ya nyanya yake. Amekosea kwa kuwa kipandio kilicho karibu zaidi kilikuwa kingine.

Tusieleweke vibaya. Mwandishi wa makala haya anaandika kwa Kiswahili sanifu, katika jarida ambalo lisingesomeka Kampala na Bagamoyo pasipo usanifishaji huo. Ngazi ya pamoja ina faida zake, na muziki wa kwaya au wa bendi haupigiki pasipo ulinganifu wa ala. Tunachosema ni kwamba katika lugha tumejifunza, tena kwa kuchelewa, kutenganisha kosa na lahaja. Hakuna mhariri makini leo atakayethubutu kuchapisha utendi wa Kiamu kwa Kiunguja bila kumwambia msomaji. Katika sauti bado hatujafikia hapo.

Kuhusu muziki wenyewe, swali la ngazi halikuanzia California. Mwaka 1932 ulifanyika Cairo mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, na miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa ni kama oktava igawanywe robo 24 zilizo sawa. Hawakuafikiana. Waliopinga walisema kwamba vidatu viimbwavyo na watu haviangukii penye robo hizo, na kwamba hutofautiana toka mji hadi mji. Ubishi huo watuhusu, kwa kuwa taarab ya Unguja ilichota ala na nyimbo nyingi kutoka Misri. Udi hauna vizuizi vya kuonyesha vidole mahali pa kusimama. Fidla haina pia. Hata ganuni, ambayo jina lake ni lile lile neno kanuni, imewekewa vijiti vidogo vya kuinua na kushusha nyuzi ili kanuni yenyewe iweze kupinda. Katika maqamu ya Rasti, kidatu cha tatu hukaa karibu katikati ya vipandio viwili vya piano. Ukikipitisha katika ngazi ya 12, mtambo utalazimika kuchagua: ama ukipandishe kiwe cha furaha ya Kizungu, ama ukishushe kiwe cha huzuni ya Kizungu. Hali ya moyo aliyokuwa nayo mwimbaji haimo katika orodha.

Hata hivyo hatuwezi kuutwika mtambo mzigo wote. Taarab ya kisasa, iliyoshika nguvu katika miaka ya 1990, ilikuwa imekwisha kukiweka kinanda cha umeme mahali pa fidla na ganuni, na waimbaji wakazoea kuegemea vipandio vyake. Mtambo ulipofika ulikuta nyumba imekwisha kujengwa. Wenyewe ulipiga lipu tu.

Kina kinapoimbwa

Kuna sababu ya kiisimu inayofanya mtambo huu utuguse sisi kuliko watu wengi wengine. Sauti kama s, sh, f na t hazina kidatu, kwa kuwa nyuzi za sauti hazitetemi zinapotamkwa. Mtambo huzipita. Unachokishika ni irabu, pamoja na nazali na sauti chache nyingine. Lugha zinazofunga maneno kwa konsonanti humpa mwimbaji mlango wa kutokea: sauti hukatwa, na mtambo hubaki mikono mitupu. Neno la Kiswahili aghalabu huishia na irabu. Mwimbaji anapofika mwisho wa kipande anakuwa ameshika irabu mkononi, na irabu hiyo ndiyo ya kina.

Chukua kina cha -ma. Midomo hufungwa, kidatu huanzia puani katika m, kisha a hufunguka na kubeba pambo lote ambalo mwimbaji amejaliwa. Huinyoosha, huitikisa, huipandisha kidogo kana kwamba anauliza, kisha huiachia itelemke. Msikilizaji wa taarab humtuza mwimbaji hapo, si katikati ya mstari. Katika utendi hali ni hiyo hiyo, ingawa kwa utulivu zaidi. Vipande vitatu hupita kwa kina chao, halafu kipande cha nne hurudi kwenye kina cha bahari, na mghani hukishusha kwa namna yake, kila ubeti, tangu mwanzo hadi tamati. Ukitaka kumtambua mghani mmoja na mwingine, usisikilize maneno. Wote wana maneno hayo hayo. Sikiliza anavyokiteremsha kina cha bahari. Na pale hasa ndipo mtambo, kwa sababu ya muundo wa silabi zetu, unapopata irabu ndefu iliyo wazi na kuikatakata iwe ngazi.

Wenzetu wanaotafiti Gĩkũyũ na Dholuo watauliza kuhusu toni. Katika ngazi ya vipandio 12, sauti haiwezi kusogezwa zaidi ya nusu ya kipandio, na toni ya juu haitageuka kuwa ya chini kwa kiasi hicho. Ikitumiwa ngazi ya noti saba, sauti yaweza kusogezwa hadi kipandio kizima, na hapo shaka huanza. Toni inayoteremka ndani ya silabi moja ina hatari kubwa zaidi. Jambo hilo ni la kupimwa maabarani, na tunawaachia wenyewe.

Lipo pia suala la mkwaruzo. Mtambo hudhani kwamba sauti ni wimbi linalojirudia. Sauti ya Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, ilikuwa na ukavu na mparuzo ambao ndani yake wimbi halijirudii sawasawa. Na ukosefu huo wa mrudio ndio uliomfanya atambulikane kwa neno moja tu, hata kwa mtu asiyejua Kiswahili. Mtambo ukikutana na sauti ya namna hiyo hukisia, na mara nyingi hukisia vibaya. Kwa maneno mengine, umetengenezwa kwa ajili ya koo la aina fulani.

Kinyago na dawa ya kichini

Mwaka 1998 mwimbaji wa Marekani Cher alitoa wimbo Believe, ambao ndani yake kasi ya mtambo iliwekwa kali makusudi, na mlio ule wa kibati ukasikika waziwazi. Watayarishaji wake walipoulizwa, mwanzoni walitaja chombo kingine, kama mpishi anayeficha kiungo chake. Kuanzia mwaka 2005 T-Pain aliufanya mlio huo kuwa sauti yake ya kila siku. Upinzani ukaja. Mwaka 2009 Jay-Z alitoa wimbo wa kutangaza kifo cha Auto-Tune, na mwaka huo huo wanabendi wa Death Cab for Cutie walihudhuria sherehe za tuzo za Grammy wakiwa wamevaa utepe wa buluu kupinga matumizi yake.

Kwa maoni yetu upinzani huo ulimshambulia asiyestahili. Aliyevaa kinyago uwanjani hamdanganyi mtu. Kila mtazamaji anakiona kinyago, na anajua kwamba ndani yake mna mtu. T-Pain ni mtu wa kinyago. Vivyo hivyo vijana wa Bongo Fleva wanaoutumia mtambo kwa kasi ya sifuri, ambao wakosoaji wetu wamezoea kuwacheka. Kwa kweli ushahidi mzuri wa upande wao uko Algeria na Moroko. Waimbaji wa rai, ambao sauti zao zina mapambo mengi, waliupokea mtambo huu kwa shangwe tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sauti yenye kuteleza sana ikikutana na kasi kali, kila mtelezo huvunjika vipande vipande kama kioo, na wasikilizaji wa huko wamekipenda kioo hicho kilichovunjika, wakakifanya pambo jipya juu ya pambo la kale. Huo ni ubunifu, na mhakiki asiyeupenda na aseme kwamba haupendi, asiseme kwamba si halisi.

Linalotutia wasiwasi ni lile la kichini, yaani rekebisho la polepole lisilosikika, analopewa mwimbaji kama dawa iliyochanganywa katika chai. Hakuna aliyeandamana dhidi yake, kwa kuwa hakuna aliyelisikia. Kazi yake hufanyika katika masikio yetu zaidi kuliko katika sauti ya mwimbaji. Kizazi kilichokulia katika rekodi za namna hiyo husikia sauti isiyorekebishwa kuwa yenye makosa, na hicho ndicho alichokisikia fundi wetu. Hakuwa mtu mwovu wala mzembe. Alimsikiliza mghani wa Lamu kwa masikio aliyofundishwa na maelfu ya nyimbo zilizonyoshwa, akamhurumia, akamnyosha.

Rekodi mbili

Kwa bahati njema mwanafunzi alikuwa bado ana rekodi ya awali katika simu yake, ile aliyoifanya ukumbini kwa nyanya yake kabla ya kuipeleka studio. Tulizisikiliza zote mbili pamoja, ubeti kwa ubeti.

Katika ya awali, mzee anaanza chini na kupanda taratibu mno, kiasi kwamba huwezi kusema amepanda katika ubeti upi. Kufikia ubeti wa 30 amepanda jumla ya kipandio kimoja hivi. Huko ndiko lilikotokea lile badiliko la mahadhi. Sauti ilipokuwa ikipanda kidogo kidogo, mtambo uliendelea kuivuta chini kwenye kipandio chake cha zamani, hadi ilipovuka nusu ya njia. Hapo ukaiachia, ukaivutia kwenye kipandio cha juu. Na kwa kuwa umbali wa vidatu vyake si ule wa piano, havikuvuka nusu ya njia kwa pamoja. Kidatu kimoja kiliruka katika ubeti wa 12, kingine katika wa 14, cha mwisho katika wa 16. Beti za katikati zikabaki na mahadhi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaghani Lamu wala penginepo. Mwanafunzi, kwa uaminifu wote, aliyasikia, akayapa jina, na akayatafutia sababu katika maudhui. Sura nzima ya tasnifu ilikuwa imejengwa juu ya kazi ya hesabu.

Kama kule kupanda taratibu ni sanaa ya mghani, au ni uchovu, au ni desturi ya waliomfunza, bado hatuwezi kusema. Hilo ni swali la utafiti, na ni zuri kuliko lile la kwanza. Mwanafunzi ameanza kuwarekodi waghani wengine watatu wa rika la nyanya yake, kwa simu, bila studio.

Kuhusu nyanya mwenyewe, ipo habari ambayo haikututazamia. Mjukuu alimpelekea rekodi zote mbili azisikilize. Aliipenda ile ya studio. Alisema kwamba sauti yake imerudi ujanani, akaagiza itumwe kwa jamaa zake wa Mombasa. Baadhi ya wenzetu idarani walisikitishwa na jambo hilo, kana kwamba mzee amejisaliti. Sisi hatuoni hivyo. Sauti ni yake, na akitaka kuwasikilizisha nduguze sauti iliyotiwa manukato ni haki yake, kama ilivyo haki yake kujitia manukato mwenyewe. Hakughani kwa ajili ya kutupatia data.

Rekodi zote mbili sasa zimo katika hifadhi ya idara, kila moja na lebo yake. Kwenye lebo ya ile ya pili tulikuwa tumeandika neno iliyosahihishwa. Tumelifuta. Pameandikwa: imepitishwa mtamboni, ngazi ya vipandio 12, kasi haijulikani, tazama pia rekodi ya kwanza.